Historia ya hoja sita

Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hurudi maneno yaleyale: Historia ya kazi gani, watoto wasome sayansi. Mzazi anayesema hivyo amefungua daftari la mwanawe akakuta desa, yaani majibu ya kukariri: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kwa hilo hana kosa. Ila somo hili linaweza kufundishwa vingine ndani ya vipindi vilevile, na naomba nafasi nionyeshe kwa mada moja, Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, maana ndiyo inayoharibiwa kuliko zote.

Swali la kawaida ni kutaja sababu sita. Mwanafunzi ataandika kodi, kazi za shuruti, kunyang'anywa ardhi, ukatili wa maakida (watawala wadogo walioteuliwa na Wajerumani), kudharauliwa kwa mila, kilimo cha pamba. Sasa futa jina la Maji Maji kwenye jibu hilo uweke Waherero wa Namibia, 1904, au Washona na Wandebele, 1896. Ukiiondoa pamba, na kuandika maofisa wa kikoloni mahali pa maakida, hoja nyingi zinasimama palepale na msahihishaji angezipa vema. Mtoto amepata alama, lakini hajui kwa nini vita vilianzia Umatumbi, huku Kilwa, wala kwa nini Julai 1905.

Dawa yake ni tarehe. Andika vikaratasi sita: kodi ya nyumba ya rupia 3, 1898, mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, 1902, kung'olewa kwa pamba Nandete, Julai 1905, kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa ya vita, Agosti 4, 1905, shambulio la ngome ya Wajerumani ya Mahenge, Agosti 30, kunyongwa kwa wakuu wa Wangoni pale Songea, Februari 1906. Ficha tarehe, wape wanafunzi sita sita, kila mmoja kikaratasi chake, maana ukimwachia fungu lote yule hodari wengine watakaa kutazama. Dakika 20 za kupanga lipi lilitangulia, kisha wafunulie tarehe. Dakika 40 za kubishana, 20 za kuandika aya moja. Hapo vipindi viwili vimekwisha. Kosa la walimu wengi ni kuandika mpangilio ubaoni kwanza "ili wasipotee". Waache wapotee.

Mabishano yenyewe huzaa mambo ambayo desa haina. Kodi ilikuwepo miaka saba bila vita hivi kutokea, kwa hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu. Kinjikitile alikufa vita vikiwa na wiki chache tu, kabla ya Mahenge na kabla Wangoni hawajaingia, na bado mapigano yaliendelea hadi 1907. Basi ile hoja ya "kuuawa kwa kiongozi" kama sababu ya kushindwa inahitaji kutazamwa upya. Kuhusu kushindwa, Mahenge inasema wazi zaidi: watu walikwenda wimbi baada ya wimbi mbele ya bombomu, bunduki za rashasha za Wajerumani. Baadaye Serikali ya Kijerumani ikachoma mazao na maghala, njaa ikamalizia. Halafu kuna Wahehe. Walipigana na Wajerumani tangu 1891 hadi mtawala wao Mkwawa alipojiua 1898, lakini mwaka 1905 hawakujiunga, na baadhi yao walipigana upande wa Serikali. Uliza darasa kwa nini, kisha nyamaza.

Idadi ya waliokufa nayo ni somo zima. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hadi 300,000. Mwanafunzi asiulizwe ipi ni sahihi. Aulizwe nani alihesabu, lini, na kama waliokufa kwa njaa waliingizwa.

Shule zilizo Kilwa, Liwale, Mahenge au Songea zinaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee, na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linarahisisha kazi, kwa kuwa wanauliza na kuandika kwa lugha ileile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopita vijijini mwaka 1968 waliwakuta watu walioviona vita kwa macho yao. Leo hakuna, kwa hiyo swali la kwanza liwe: shikamoo babu, habari hizi ulizisikia kwa nani, naye alizipata wapi? Wasiulize "Wajerumani waliwatesa?", watajibiwa ndiyo kila nyumba. Wasiwahoji wazee watano pamoja: atasema mmoja, wengine wataitikia. Na mzee akitaja sababu sita kwa mpangilio, mwanafunzi ajue mzee huyo amesomewa kitabu cha mjukuu.

Faida ya haya yote nje ya darasa? Chukua mkataba wa Mjerumani Carl Peters na chifu Mangungo wa Msovero, Novemba 1884. Wanasiasa wetu hulitaja jina la Mangungo kila mkataba mbaya unapozungumzwa, lakini wachache hueleza kasoro yenyewe: karatasi iliandikwa Kijerumani, na aliyeiandika ndiye aliyekuja kuitumia Berlin. Nani ameandika, kwa lugha gani, nani alitafsiri, upande wa pili umepata nini, nakala iko wapi. Maswali hayohayo yanahitajika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 una kauli ya kukubali au kukataa pale Serikali inapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250. Anayekaa kwenye mkutano huo mara nyingi ni kijana wa kidato cha nne aliyerudi nyumbani, si mwanasheria.

Najua walimu watajibu kwamba mtihani unataka hoja sita, na wao hupimwa kwa matokeo. Ni kweli. Ndiyo maana ombi langu ni kwa Baraza la Mitihani: liweke swali moja tu lenye aya ya waraka na tarehe tatu, kwa alama zilezile za insha. Mwaka unaofuata wauza madesa watalazimika kuyaandika upya.

Mwalimu wa Historia,
Kilwa Masoko