Sambaza Aliyewasha Taa

Bukavu, 12 Februari 2023

Ndugu yangu Papy,

Jambo sana. Huku tuko wazima, watoto wazima, mvua haitaki kwisha na njia ya kupanda Kadutu imegeuka mto. Basi, salamu zimetosha. Nina neno, na nikizidi kusalimia nitaliogopa.

Usishangae kuona nimeshika kalamu. Yaya Mwamini anasafiri kuja huko Lubumbashi Jumanne, ndiye atakayekupa bahasha. Ningekuandikia kwenye simu kama siku zote, lakini nakujua: kabla sijafika mwisho ungekuwa umekwisha kuyatupa kwenye kikundi cha kalasi yetu, na Bukavu nzima ingesoma mambo ya nyumbani kwetu. Karatasi haina pa kubonyeza.

Papy, wewe unalala saa ngapi? Nimehesabu vitu ulivyotutumia tangu Papa Fransisko aondoke Kinshasa. Puto la Wachina lililopigwa na ndege ya Wamarekani. Kitunguu ndani ya soksi kinachoponya mafua. Misa ya Papa pale Ndolo, Kinshasa, hiyo asante, mama aliitazama mara tatu akilia. Kisha Jumatatu ikaja Uturuki, na wewe ukaleta maji yanayobeba magari kama makopo. Yale ni maji ya Japani, ya 2011! Mama mkubwa wangu alipoyaona alitoa godoro nje, kwa sababu sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu hatuhitaji kufundishwa tetemeko ni nini. Unakumbuka ile Jumapili ya 3 Februari 2008, tulivyotoka mbio na wewe una kiatu kimoja? Yeye pia anakumbuka. Amelala nje siku mbili, kwenye mvua hii.

Lakini hilo si neno nililoanzia. Neno ni jiwe.

Ile video ya mwezi uliopita: mkono wenye glavu, mawe mawili yanagusana yanatoa cheche, halafu jiwe moja linawasha kitaa kidogo. Ukaandika chini yake, “Kongo yetu, umeme ndani ya mawe, wazungu wanajua wananyamaza.” Kila mtu akapiga kelele. Mimi nikacheka, nikaweka kidole gumba. Kumbuka hicho kidole, kitarudi.

Papa mdogo, yule mdogo wa baba, aliiona. Unajua alivyo tangu astaafu ufundi, kiti chake mlangoni na simu mkononi. Siku kumi baadaye akaja kijana, mpole, ana sasheti nyeusi, mfuko wa plastiki, ndani yake jiwe zito la ukubwa wa ngumi. Akasema limetoka machimboni, hakusema machimbo gani. Akaomba maji kidogo, eti jiwe hili linapenda maji. Akalilowesha, akachomoa ampuli, balbu ya taa, mfukoni, akaigusisha. Taa ikawaka! Papa mdogo akamwita mkewe, akawaita majirani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, fikiria wewe. Kijana alitaka dola 150. Walipatana 80, na ampuli juu kama zawadi.

Zile 80 ni ada ya Neema. Yuko mwaka wa sita, Papy. Egzame ya Serikali, mtihani wa kumaliza sekondari, ni mwaka huu.

Nilipopata habari nilikwenda mbio. Nikaomba kuiona ile ampuli, si jiwe. Nikaigeuza: ni zile za kujichaji, zenye betri ndani, zinauzwa tele pale soko la Nyawera. Zimetengenezwa makusudi kwa watu kama sisi: umeme ukikatika, ampuli inahisi nyaya bado zimeungana, inajiwasha kwa betri yake. Kwa hiyo kitu chochote kinachopitisha umeme hata kidogo, ukikigusisha pamoja kile kichwa cha chini na ule mviringo wa bati, inadhani iko darini kwa mtu. Nikaramba kidole, nikagusa. Ikawaka. Papa mdogo akasema, “Una damu ya moto wewe, tangu utoto.” Nikatafuta kijiko. Ikawaka. Akasema kijiko ni chuma, chuma na jiwe ni ndugu. Mama mdogo alikuwa ameinama pale anasafisha sambaza wa jioni, hawa samaki wetu wadogo wa ziwani. Nikachukua mmoja kwenye bakuli, mbichi, analowana, nikamlaza kwenye kitako cha ampuli.

Sambaza akawasha taa.

Mama mdogo alitupa kisu. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikajiona mshindi, nikamwambia, “Papa, basi tuuze na hawa, dola 80 kila mmoja.” Hakucheka. Akanifunga mdomo hivi, nakuandikia kama alivyosema:

“Wanyarwanda wanatoa umeme ndani ya maji ya ziwa letu, ndiyo au hapana?” Ndiyo. Tangu 2016 wanavuta gesi chini huko upande wa Karongi, wanapata megawati 26. “Jiwe la Shinkolobwe, ile urani ya kwao huyo Papy, si ndilo liliteketeza Hiroshima?” Ndilo. “Na Luhihi, si mlisema ni uongo wa simu?” Hapo nilinyamaza kabisa. Machi 2021, wakati ile video ya mlima wa dhahabu inazunguka dunia nzima, mimi ndiye niliyewaambia wote kwamba ni ya nchi nyingine. Kumbe ni Kabare pale, saa chache kwa gari, watu wanachimba kwa majembe na mikono, mpaka serikali ikafunga machimbo. “Na wewe mwenyewe,” akamalizia, “si uliweka kidole?”

Ningejibu nini? Mahali pengine mtu akiambiwa jambo la ajabu anasema haiwezekani, amemaliza. Hapa kwetu ukisema haiwezekani wanakutolea matatu yaliyowezekana, na yote yako karibu na nyumba. Hata umeme wenyewe: mwaka jana tulikaa gizani kwa sababu chupa na sasheti zetu zilijaa mto Ruzizi zikaziba bwawa la umeme. Umewahi kusikia mji umezimwa na sasheti? Kama kijana angekuja na hadithi hiyo ningemfukuza.

Jiwe liko chini ya kitanda, limefungwa kitenge. Analinyunyizia maji kila asubuhi. Mama mdogo amehama chumba, si kwa hasira, anaogopa kupigwa na umeme wa jiwe.

Na bado sijafika kwenye aibu yangu mimi. Bahati, yule wa dada, alikuwa na simu. Alinichukua wakati namshika sambaza juu ya ampuli. Uso hauonekani, Mungu ni mwema, ila lile shati langu la njano linaonekana. Aliitia kwenye mtandao jioni ile ile. Ilipofika Ijumaa nilikuwa kwenye pikipiki, yule motari ananionyesha simu yake: “Samaki wa umeme avuliwa Ziwa Kivu.” Anaapa anamjua mvuvi. Nikakaza koti juu ya shati. Pale sokoni Kadutu mama mmoja ameongeza bei ya kikombe cha sambaza, na akiulizwa anasema, “Kwani hamkuona?” Wengine wanabisha, sambaza hana umeme. Mzee mmoja wa Uvira akawakata maneno: Tanganyika yuko samaki wa umeme kweli, anapiga mtu mpaka mkono unakufa ganzi, na sambaza si waliletwa huku kutoka Tanganyika enzi za Wabelgiji? Basi ni ukoo. Na lililo baya, Papy, ni kwamba vyote alivyosema ni kweli isipokuwa ukoo.

Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Cha kwanza: ile video ikifika Lubumbashi usiisambaze. Cheka peke yako, mwonyeshe mkeo, basi. Wewe umetusambazia vya kutosha, sambaza tuachie sisi tunaokula.

Cha pili ni kizito. Mrekodie Papa mdogo sauti, dakika mbili. Mimi hanisikii, mimi ni mtoto aliyevua sambaza kwenye bakuli la mkewe. Wewe anakuheshimu, anasema uko kwenye kazi ya mawe. Mwite papa, muulize kwanza mguu wake, usianze na jiwe. Halafu mwambie jiwe kupitisha umeme si sawa na kuuzaa, kama bomba linavyopitisha maji bila kuwa chemchemi. Na umwambie ulituma ile video bila kuitazama vizuri. Sehemu hiyo usiiruke. Mimi cha kidole gumba nimekwisha kukiri mbele yake.

Ada ya Neema nimelipa nusu. Sikuombi falanga, nakuambia tu.

Sasa nijibu: ile video wewe uliipata kwa nani? Ni Kasongo? Kama ni Kasongo nitanyamaza, ana yake. Mguu wa mama yako unaendeleaje, na bado anauza pale Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi? Mvua kwenu ikoje, mahindi yamesimama? Ni kweli Didi amerudi kwa mumewe, au hiyo nayo ni ya kutumiwa? Na utakuja lini, maana tangu ufike huko ugali unauita bukari kama mtu wa kule, mama anashindwa kukuelewa kwenye simu.

Nimesomea Papa mdogo mwisho wa barua, si katikati. Anakusalimu sana. Anauliza huko Lubumbashi wananunua ngapi kwa kilo.

Ni mimi,
Wa shati la njano