YAH: Malalamiko kuhusu betri ya volti 12 iliyonyimwa waranti kwa kisingizio cha redio

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nimepokea barua yenu ya kukataa kunibadilishia betri ndogo ya gari langu chini ya waranti, na nimeisoma kwa utulivu wote ambao mtu aliyetendewa niliyotendewa anaweza kuupata. Masharti ya waranti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawachosha kwa kuyanukuu. Ninacholalamikia ni sababu mliyoitoa, kwamba betri iliishiwa na chaji kutokana na "matumizi ya redio gari likiwa halijawashwa", pamoja na namna wahudumu wenu walivyonipokea nilipokuja kuuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi: mwenye gari la haibridi la kuchaji kwa waya, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, anasikilizaje redio akiwa ameegesha, bila kuimaliza betri? Swali hilo nimeliuliza kwa simu, kwa barua pepe na ana kwa ana, na kila jibu nililopewa na mfanyakazi wenu mmoja lilipingwa na mwenzake.

Niruhusuni nianze na siku ile ya mapokezi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta, nyuma yangu kuna foleni. Mshauri wenu wa huduma aliniuliza gari lilizimikaje huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimeegesha nje ya hospitali, nikimsubiri mama yangu anayesafishwa damu kwa mashine, shughuli inayochukua takriban saa 4 kila anapokwenda, na kwamba wakati huo nilikuwa nasikiliza redio. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Hakuniangalia mimi, alimgeukia fundi aliyekuwa akipita na kumwambia kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Mama huyu alikuwa anasikiliza redio." Fundi akacheka, na baadhi ya waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye. Kisha mshauri akaniambia, "Mama, hii si redio ya sebuleni," akanisogezea kadi ya kazi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa "uzembe wa mteja", akaniamuru nitie saini ndipo nipewe ufunguo wangu.

Sasa tuizungumze hiyo redio, kwa kuwa nimelazimika kujifunza kwa gharama yangu mambo ambayo ninyi mlipaswa kunieleza siku mliponikabidhi gari. Gari hili lina betri mbili. Ile kubwa, inayoliendesha, ndiyo mnayoitangaza kila mahali. Ndogo ni ya volti 12, na ndiyo inayolisha redio, taa, vitasa vya milango na kompyuta zote. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, skrini inawaka na redio inaimba, lakini ile konveta inayoshusha umeme wa betri kubwa na kuipelekea betri ndogo haifanyi kazi, na hivyo redio inainyonya betri ndogo peke yake. Akikanyaga breki na kubonyeza mpaka taa ya kuonyesha kuwa gari liko tayari iwake, konveta inaanza kazi, betri ndogo inapokea volti 14 hivi, na redio inaweza kuimba kwa muda mrefu kwa umeme wa betri kubwa hata kama injini haijanguruma. Haya ni maelezo yasiyojaza nusu ukurasa. Nayaandika hapa ili muone kwamba yanaandikika.

Muuzaji wenu alinieleza nini siku ya makabidhiano? Alipiga dashibodi kwa kiganja na kusema kwamba gari lenye betri kubwa kiasi hiki haliwezi kuishiwa na umeme kwa sababu ya redio. Betri kubwa ya gari langu ina kilowati-saa 13. Betri ndogo ina ampea-saa 45, ambazo kwa volti 12 ni kama nusu tu ya kilowati-saa, na hata hiyo nusu haifai kutumika yote, maana betri ya aina hii, yenye madini ya risasi na asidi, ikimalizwa kabisa inaanza kujengeka salfeti ndani yake na kupoteza uwezo wa kushika chaji. Muuzaji alikuwa ananionyesha pipa huku redio inakunywa kwenye kikombe. Ikiwa yeye hakujua, kwa nini mlimpa kazi ya kukabidhi magari? Ikiwa alijua, hilo ni jambo zito zaidi, na ningependa kusikia mnaliitaje.

Mhudumu wenu wa simu, ambaye nilimpigia muda mrefu kabla ya gari kuzimika, alinishauri nibonyeze kitufe bila kukanyaga breki, akisema kwamba kwa namna hiyo gari "linatumia umeme mdogo". Huo ndio ushauri niliokuwa naufuata pale hospitalini. Kwa hiyo kile mlichokiandika kwenye kadi kuwa ni uzembe wangu ni maelekezo ya kampuni yenu, yaliyotolewa kwenye simu ambayo mlinitangazia kwamba inarekodiwa. Isikilizeni.

Mhudumu mwingine, baada ya tukio, alinielekeza kinyume chake: niliache gari likiwa tayari muda wote. Ushauri huu ni sahihi kwa upande wa betri, lakini alisahau, au hakujua, kuniambia kwamba gari likiwa katika hali hiyo injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote, kwa mfano chaji ya betri kubwa ikishuka au kipasha joto kikihitaji moto wa injini. Mtu aliyejifungia kwenye banda la gari akisikiliza redio kwa ushauri huo nusunusu anaweza kuvuta moshi wenye kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na asijue kinachomuua. Hakuniambia pia kwamba gari liwe kwenye P, gia ya kuegesha, na breki ya mkono iwe imevutwa, wala kwamba nisishuke na kuwaacha watoto ndani ya gari ambalo, kwa kimya chake, linaonekana limezimwa huku likiwa tayari kuondoka. Ninapata shida kuelewa ni vipi kampuni inayouza magari haya inaacha maneno kama hayo yategemee kumbukumbu ya mtu aliyeshika zamu.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu yapo ambayo sikuyasema hapo juu. Mama yangu alikuwepo. Gari lilivutwa kutoka hospitalini moja kwa moja hadi kwenu, nami sikuwa na pa kumwacha, hivyo alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na dirisha, ameegemeza kichwa ukutani, na mkono wake bado una bandeji mahali sindano zilipotolewa. Alisikia "Mama huyu alikuwa anasikiliza redio." Alisikia kicheko. Kabla ya hapo alikuwa amesimama juani kando ya gari ambalo milango yake ilikataa kufunguka, kwa kuwa nilikuwa nimelifunga nilipoingia kumchukua, na tulipotoka rimoti ilikuwa haifanyi chochote. Nilihangaika mpaka mlinzi wa hospitali, ambaye si mwajiriwa wenu, aliponionyesha kwamba ndani ya rimoti kumefichwa ufunguo wa chuma. Betri kubwa ilikuwa imejaa. Tangi lilikuwa na mafuta. Gari halikwenda popote, kwa sababu rilei, yaani swichi za umeme, zinazounganisha betri kubwa na gari zinahitaji umeme wa ile betri ndogo ili zijifunge, na ile ndogo haikuwa na kitu.

Mlipokwisha kulibusti gari kwa umeme wa nje na kulileta mbele, mshauri aliweka ufunguo kwenye kaunta na kuufunika kwa kiganja chake. Kwa mkono mwingine alininyooshea kalamu. Nilimwambia kwamba sikubaliani na maneno yaliyoandikwa. Akasema, bila kuondoa kiganja, "Bila saini gari halitoki, na wenzako wanasubiri." Nikamwomba nimwone msimamizi, akanijibu kwamba msimamizi hashughulikii mambo ya redio. Ndipo mama yangu, kutoka kwenye benchi, akasema, "Mwanangu, tia tu twende, nimechoka." Nikatia saini, na chini yake nikaandika kwa herufi zinazosomeka kwamba natia kwa kupinga. Leo barua yenu inaniambia kuwa "mteja alikiri kwa saini yake". Nakala niliyobaki nayo ina maneno yangu ya kupinga. Naomba mniambie kama nakala yenu bado inayo.

Mliandika kwamba betri ilipimwa na kuonekana nzima. Nilimpelekea gari fundi wa umeme asiyehusiana nanyi. Baada ya gari kulala usiku mzima bila kuguswa, volti zilikuwa chini ya 12, ilhali betri nzima iliyopumzika inapaswa kusoma kama 12.6. Hakuishia hapo. Alifunga gari, akasubiri kompyuta zake zilale, akapima umeme unaotoka kwenye betri wakati ambapo hakuna kinachotumika, na mita ikasoma karibu nusu ampea. Gari lililolala halitarajiwi kuvuta zaidi ya takriban milampea 50. Nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, maana yake betri ya ampea-saa 45 inakauka kabla ya siku ya nne kwisha, redio iwe imewashwa au la. Kuna kompyuta ndani ya gari langu isiyolala. Kumbe redio ilisingiziwa.

Na hili lisingekuwa geni kwenu kama mngesoma kumbukumbu zenu. Kwenye huduma ya kwanza kabisa nililalamika kwamba gari linaonyesha onyo la betri dhaifu asubuhi, hata siku ambayo sikuigusa redio. Kadi ya siku ile imeandikwa "imekaguliwa, iko sawa". Mita ya fundi wangu inatoshea mfukoni na kipimo kilimaliza muda mfupi usiozidi ule niliokaa kwenye foleni yenu, hivyo sioni ni ukaguzi gani uliofanyika.

Kwa hayo, nadai mambo yafuatayo. Neno "uzembe wa mteja" lifutwe kwenye kumbukumbu za gari langu na nipewe kadi iliyosahihishwa. Betri ya volti 12 ibadilishwe chini ya waranti, na kabla ya kuweka mpya mtafute na kurekebisha kifaa kinachovuta umeme gari likiwa limelala, maana mkiacha kifaa hicho betri mpya nayo mtaiita uzembe wangu. Nipewe pia maelekezo ya maandishi, yenye saini ya mtaalamu wenu, kuhusu namna ya kutumia redio gari likiwa limeegeshwa, pamoja na tahadhari ya injini kujiwasha, na iwapo gari langu linaichaji betri ndogo linapokuwa limechomekwa kwenye umeme, jambo ambalo hutofautiana kati ya gari na gari na ambalo nimeliuliza nikajibiwa "inategemea".

Hayo ndiyo niliyokusudia kudai nilipoanza kuandika. Baada ya kuyasimulia upya yaliyotokea kwenye kaunta naona hayatoshi. Nadai pia mnirudishie gharama za kulivuta gari na za vipimo vya fundi wa nje, ambavyo ni kazi yenu niliyoifanya mimi. Nadai barua ya kuomba radhi iliyotiwa saini na wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, wala si na idara, na nakala yake iandikwe kwa jina la mama yangu, kwa sababu kicheko kile kilimfikia yeye pia. Mshauri aliyeufunika ufunguo wangu kwa kiganja asihudumie tena gari langu, nami nitataka kujua ni hatua gani za kinidhamu zilizochukuliwa.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nawapa 7, kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala ya barua hii, kadi zote mbili, vipimo vya fundi na ombi la kupata rekodi ya simu kwa mamlaka inayolinda haki za walaji, na nitampa wakili wangu maelekezo ya kudai mlichukue gari lenu na kunirudishia fedha yangu yote, kwa msingi kwamba liliuzwa likiwa na hitilafu niliyoiripoti mapema na mkaikana kwa maandishi. Msinipigie simu kuniomba nifike ofisini tuzungumze. Nilishafika.

Wenu,

Mwenye gari lililotajwa kwenye kadi za kazi zilizoambatishwa