Wanaojifunza uhifadhi walipwe posho

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaotaka kuanza kazi ya kuhifadhi wanyamapori. Mmewashauri wajitolee kwanza. Sawa, lakini kujitolea bila posho kunawafungia mlango vijana ambao wazazi wao hawana uwezo. Kazi ya porini si matembezi: ni kuamka kabla ya alfajiri, kuupima unyayo matopeni kwa rula, kuandika saa na mahali kabla mvua haijaufuta, na kurudia hivyo kwa miezi. Nani atamlisha kijana huyo?

Mtafiti Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe huko Gombe, Tanzania, mwaka 1960 hakuwa na shahada yoyote. Louis Leakey, mwanasayansi wa mabaki ya binadamu wa kale, alimtafutia fedha za utafiti. Shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuja baadaye.

Naomba kila mradi wa utafiti utenge posho ya wanaojifunza kazi tangu bajeti inapoandikwa, kama unavyotenga mafuta ya gari na betri za kamera. Vyuo navyo vifundishe takwimu na uchoraji wa ramani mapema, maana hesabu ya wanyama iliyokosewa huzaa maamuzi mabaya ya uhifadhi.

Msomaji wenu