Omera, ndugu yangu, lile godoro bado liko kwa Mama

Omera,

Tangu tumzike Mama nimekupigia mara tatu, hushiki. Basi soma hapa, maana najua ukiwa zamu ya usiku huko unapita kusoma.

Juzi umetuma kwenye grupu la familia ile video ya Kremenchuk, Ukraine, jumba la maduka lililopigwa kombora la Urusi Juni 27, 2022, watu takriban 20 wakafa mchana kweupe. Chini yake ukaandika, "Binadamu gani anachoma mahali watu wananunua mkate?" Mashangazi wakakuwekea machozi. Mimi niliweka simu chini nikatoka nje.

Desemba 31, 2007 ulikuwa wapi? Jana yake matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo, na kulipokucha Kisumu ilikuwa moshi. Nilienda kuona kama tutafungua. Supamaketi nilikokuwa nikipanga bidhaa ilishaporwa, sasa inawaka. Nikarudi mtaani kwetu Kondele kwa miguu, aproni mkononi, nikakukuta mlangoni na godoro la inchi nane, plastiki haijatoka. Bei niliibandika mimi. Ukacheka: "Omera, si ni la kwenu hili!"

Godoro nilishakusamehe. Kicheko bado.

Ukasema mwenye duka ana bima. Na sisi tuliolipwa kwa siku, bima yetu ilikuwa ipi? Nilikaa hadi Juni bila kazi, wewe ukinikopesha nauli kama mfadhili.

Huwa unasema maduka yale hata yasingechomwa yangekufa tu. Ni kweli, Nakumatt, ile supamaketi iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro (cheka basi), ilikufa bila kiberiti. Madeni yaliilemea, wasambazaji wakaacha kuleta mali, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Lakini duka la madeni hufa ukiliona. Unga unakwisha kwenye rafu, kisha sabuni, nawe unaanza kuulizia kazi kwingine. Mimi nililala nikiwa na kazi nikaamka na aproni.

Tena usiende kuwaambia watu kwamba nilikusaidia. Mlango ulikuwa mwembamba, nikashika upande mmoja. Upande mmoja tu. Mgongo wa Mama ulikuwa ukimsumbua tangu mvua za Aprili, na mkeka aliolalia unaujua. Ningelirudisha wapi, kwenye majivu? Hata shuka la kulitandika nililinunua mwenyewe, kwa pesa yangu.

Mama hakuuliza limetoka wapi. Alilala hadi saa tatu asubuhi, yeye ambaye jogoo hakuwahi kumtangulia. Hilo pia nakushukuru, sijui kama niliwahi kukwambia.

Sasa vitu vyake vinagawanywa na wananiuliza godoro liende kwa nani. Katikati limebonyea, ila upande wa ukutani bado ni gumu. Nimewaambia wakungoje. Ukija ulitoe mwenyewe. Pale mlangoni mimi sitashika.