Kinga ya mwili ina msimamizi wake, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa afya wa Jumapili iliyopita ulitushauri wasomaji tuongeze kinga ya mwili kwa tangawizi, limau na kitunguu saumu. Sina ugomvi na tangawizi, chai yangu haikamiliki bila hiyo. Ugomvi wangu ni yale yaliyofuata, kwamba kadiri kinga inavyokuwa kali ndivyo magonjwa yote yanavyomkimbia mtu. Na chini ya makala hiyohiyo mkaweka tangazo la dawa ya maji ya kuongeza kinga, pamoja na namba ya simu ya muuzaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia na ninaugua baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili. Asubuhi vidole vyangu huwa vimekakamaa, na kufungua kifuniko cha chupa ya chai ni kazi ya mjukuu. Kinga yangu haijapungua hata chembe. Ipo ya kutosha na kuzidi, ila inapiga mahali isipotumwa. Sasa niongeze nini?

Kila mtu, pamoja na huyo muuza dawa, ana msimamizi wa kinga, protini iitwayo CTLA-4. Watafiti wa Ufaransa waliieleza jeni yake mwaka 1987, na kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana kama inachochea kinga au inaituliza. Seli T, zile chembechembe nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi, hazianzi vita kwa kuonyeshwa adui peke yake. Zinasubiri idhini ya pili. Idhini hiyo hupatikana pale protini nyingine iliyo juu yake, CD28, inaposhikana na protini za kundi la B7 zilizo juu ya seli iliyomleta adui. Vita vikishakolea, seli T huipandisha CTLA-4 kutoka ndani hadi juu ya ngozi yake, nayo inaitafuta B7 ileile. Chukua daladala ya Muheza kwenda Tanga siku ya gulio, kiti kimebaki kimoja na abiria ni wawili. CD28 kawahi kufika, lakini CTLA-4 ana mabavu kumzidi, anakikalia yeye, na akishuka anaweza kuondoka na kiti chenyewe. CD28 akikosa pa kukaa, seli T inatulia. Zipo pia seli T ambazo kazi yake hasa ni kuwatuliza wenzake, na hizo hutembea na CTLA-4 muda wote.

Ubishi ule uliisha mwaka 1995, timu mbili za watafiti zilipozalisha panya wasio na protini hii. Panya wale walikuwa na kinga ya kuongezwa kuliko kiumbe yeyote aliyewahi kunywa dawa ya chupa. Seli T zilijazana kwenye moyo na kongosho, na panya wakafa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4. Mwaka 2014 wakaelezwa binadamu waliozaliwa na nakala moja mbovu ya jeni hiyo: utumbo, mapafu na hata damu yao vilikuwa vikishambuliwa na kinga yao wenyewe.

Zipo hali ambapo madaktari huiziba CTLA-4 makusudi. Mmarekani James Allison alionyesha kwa panya kwamba ukiizuia, seli T hupata nguvu ya kupambana na uvimbe wa saratani. Kazi hiyo ilizaa dawa ya ipilimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani kali ya ngozi, na mwaka 2018 Allison akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjapani Tasuku Honjo. Hiyo ndiyo dawa ya kuachia kinga kwa kweli. Wagonjwa wanaopewa hupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu wengine huharisha vibaya, ini huvimba, tezi huharibika, na madaktari hulazimika kuwapa steroidi kuizima tena kinga hiyo. Kama ile chupa ya kwenye tangazo lako ingefanya inachodai, ingehitaji wodi na daktari wa zamu. Kwa bahati njema ya wanunuzi, nadhani haifanyi.

Najua wazo la kupandisha kinga limetoka wapi, na si wazo la kijinga. Watu wa rika langu tulizika vijana wengi kabla serikali haijaanza kutoa ARV bure mwaka 2004. Baada ya hapo tukajifunza kuulizana CD4 zako ngapi, yaani zile seli T zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI, na zikipanda nyumba nzima ilishukuru. Pale kupanda kulikuwa uhai wenyewe, maana virusi vilikuwa vinaziangamiza seli hizo. Lakini hesabu ile tumeihamishia kwenye kila maradhi, na wachuuzi wa stendi wameidaka. Wenye spika wanaiimba tangu asubuhi: sukari, presha, vidonda vya tumbo, miguu kuwaka moto, yote ni kinga, na chupa ni ileile.

Kwenye benchi la kliniki nimekaa na mama mmoja aliyeacha vidonge vyake vya baridi yabisi kwa sababu mchuuzi alimwambia vinaua kinga. Kwa upande mmoja mchuuzi alikuwa sahihi, ndiyo kazi ya vidonge hivyo, vinaipunguza. Mama alirudi magoti yamejaa maji, anashikiliwa na binti yake kushuka bajaji. Yeye alisikia stendi, lakini wapo waliosoma kwako, na gazeti huaminiwa kuliko spika.

Cha kusikitisha ni kwamba mgonjwa kama yule angefaidi kusikia habari za CTLA-4. Tangu 2005 ipo dawa ya baridi yabisi, abatasepti, iliyotengenezwa kwa kuunganisha sehemu ya nje ya protini hiyo na kipande cha kingamwili, protini ya damu inayonasa vijidudu, ili iende kukalia B7 na kuwanyima seli T idhini. Mimi sijaitumia, na katika wote ninaokaa nao foleni sijakutana na anayeitumia. Sisi tunatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, na vidonge vya foliki asidi, na mambo yanakwenda.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wako wa afya akiandika tena juu ya kinga, aseme ni kinga ipi na ya mgonjwa yupi. Chanjo zinaifundisha kinga na chakula cha kutosha kinaihifadhi, hayo ayaandike kwa herufi kubwa akipenda. Tangazo lile lihamie mbali na ukurasa wa afya, kama hamwezi kuliacha kabisa. Na akiwakumbuka wenye baridi yabisi, awakumbushe kwamba methotreksati yetu humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile aliyopanga daktari. Wapo wanaoimeza kila siku wakidhani watapona haraka, na hiyo huua.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga