Barua kwa mdogo wangu mwalimu mkuu: hao ajira mpya wape walezi

Mdogo wangu,

Hongera tena kwa ualimu mkuu. Nimesikia mkeka wa juzi, ile orodha ya walimu wa ajira mpya, umekupangia watu wawili, binti wa Ukerewe na kijana wa Korogwe, ambao hata baridi ya Mufindi hawaijui, wataijua mwezi wa sita ukungu ukikaa kwenye chai mpaka saa nne. Nakuandikia hapa wazi badala ya kukutumia meseji kwa sababu walimu wakuu wenzako wako wengi, Kilolo, Ileje, Rungwe, Makete huko, wanaopokea vijana kama hao na hawajaambiwa wafanye nao nini zaidi ya kupokea barua zao na kuwagawia vipindi.

Ombi langu ni moja. Kila mmoja mpe mwalimu mlezi, na hao walezi uwawekee kipindi chao kwenye ratiba, kiandikwe ofisini ukutani kama hisabati ilivyoandikwa. Kisipoandikwa hakitafanyika, sio kwa ubaya wa mtu, ni vile shule ilivyo, kuna zamu, kuna uji, kuna mzazi amekuja, kuna kikao cha kata, na siku imeisha.

Maana najua kinachotokea mahali pengi. Mwalimu mpya anafika Jumatatu, Jumanne anapewa lile darasa ambalo wenyeji wamelikwepa miaka yote, watoto 90 na vitabu vya kugombania, halafu kwa kuwa ni kijana anajua kompyuta anaambiwa atujazie PReM, ule mfumo wa taarifa za wanafunzi, atujazie na PEPMIS zetu za kupima utendaji wa watumishi, asimamie na michezo, na anakubali kila kitu kwa sababu yuko kwenye mwaka wa majaribio na anaogopa asije asithibitishwe kazini. Hakuna mtu anayeingia darasani kwake mpaka siku wathibiti ubora wanakuja, na siku hiyo wanaangalia azimio la kazi na andalio la somo, wanaandika mapungufu, wanaondoka. Sasa niambie huyo mtu amejifunza kwa nani. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuo, ni wiki chache tena darasani mwa mtu mwingine, haitoshi kabisa.

Na wewe hili hupaswi kulisoma kwangu, umeliona nyumbani. Mama alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilitaka watoto wote waingie darasa la kwanza na walimu hawakuwepo, wakachukuliwa waliomaliza la saba, wakafundisha huku wanasoma kwa posta na redio, na ndani ya miaka michache wakapatikana zaidi ya 35,000. Watu wamewasema sana wale walimu, mengine ni kweli, kiwango kilishuka. Lakini Mama akisimulia miaka yake ya mwanzo hazungumzii redio wala vile vijitabu, anamzungumzia mama mmoja mwalimu wa zamani pale shuleni kwake Tukuyu aliyekuwa anamwambia leo kaa nyuma uniangalie, kesho nitakaa nyuma mimi. Jioni wanapukuchua mahindi wanaongea lile somo. Ualimu wa Mama ulitoka pale, na mimi na wewe tumeula.

Sasa huyo mlezi afanye nini. Kwanza asiwe wewe. Najua utataka kwa sababu unapenda kufundisha, ila wewe ndo utakayeandika kama athibitishwe au la, na mtu hawezi kukwambia jana kipindi cha hesabu za sehemu kimenishinda kabisa watoto wamenitazama tu, wakati kalamu iko mkononi mwako. Tafuta mwenye subira, hata kama sio mwenye cheti kikubwa, hata kama ni yule mzee mwenye cheti cha daraja la IIIA aliyebakiza miaka miwili astaafu. Hao wanajua watoto wa hapo, wanajua mtoto wa darasa la kwanza anayeongea Kihehe nyumbani akinyamaza ni kwamba hajaelewa au anaona haya, kitu ambacho mtu wa Ukerewe atachukua mwaka mzima kukigundua peke yake.

Wiki mbili za mwanzo mgeni ndo aende kwa mlezi, akae nyuma. Baada ya hapo wabadilishane. Na mlezi anapoingia aangalie kitu kimoja tu walichokubaliana kabla, nasisitiza kimoja, mtu akipewa makosa kumi na mawili anarudi nyumbani na hasira tu. Kwa mfano wahesabu mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Kuna mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 huko alipima hilo akakuta walimu wengi wanasubiri sekunde moja hivi, hawajapata jibu wanajijibu wenyewe au wanamhamia mtoto mwingine, na wakijizuia mpaka sekunde 3 majibu yanakuwa marefu na wale wasionyosha mkono wanaanza kunyosha. Hiki hakihitaji hela wala projekta, kinahitaji mtu nyuma ya darasa anayehesabu kimoyomoyo halafu siku hiyohiyo wakae dakika ishirini. Wiki inayofuata waangalie kingine, labda ni watoto wa upande gani wanaulizwa na wa upande gani wamesahaulika.

Wenzetu hapo ng'ambo ya Tunduma wamefanya kitu cha namna hii kwa mpangilio. Zambia tangu 2005, wakisaidiwa na Wajapani wa JICA, walimu wa shule wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha wengine wanaangalia watoto wanafanya nini, kisha wanalirekebisha na linafundishwa tena. Walianza na mkoa wa kati kisha wakasambaa. Uingereza nako tangu Septemba 2021 mwalimu mpya ana mlezi kwa miaka 2 na mwaka wa kwanza anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi. Najua utaniambia dada sisi tuko saba shule nzima nitapunguza vipindi nimpe nani. Sawa, usipunguze. Tumia kipindi cha dini, padri au mwinjilisti au shehe akiingia na watoto, walimu wako wengi wako huru na hapo kila mtu anakimbilia simu. Kile kipindi kila wiki ndo cha walezi cha kuongea. Cha kuangaliana darasani wewe mwenyewe kashike darasa la mlezi, dakika arobaini tu, na hilo litakufanya uwajue watoto pia.

Na MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, mnayo, najua, Taasisi ya Elimu wameweka utaratibu kwamba walimu wajifunze hapohapo shuleni kwenye jumuiya zao na kwenye klasta za shule jirani, na mtaala huu ulioanza Januari 2024 unataka hivyo. Mpango ni mzuri, mimi nauamini. Ila usikubali kikao kiwe cha kusoma mwongozo kwa zamu na kusaini mahudhurio. Kila mmoja aje na daftari la mtoto mmoja, lile ambalo lina makosa yanayojirudia, liwekwe mezani mjiulize huyu mtoto anawaza nini mpaka anaandika 43 toa 18 ni 35. Hapo ajira mpya na mkongwe wako sawa, na mgeni anajifunza kwamba hata waliofundisha miaka ishirini wanakwama.

Kitu kingine kinachonikera sana ni fimbo. Mwalimu mpya darasa likimshinda wiki ya kwanza anaokota fimbo kwa sababu ndicho anachoona wengine wanafanya na hakuna aliyempa kingine. Kanuni ziko wazi, wa kuchapa ni mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, viandikwe kitabuni, na hilo uwaambie siku ya kwanza kabisa bila kuzunguka. Lakini kukataza peke yake hakutoshi, mlezi amwonyeshe namna anavyolituliza darasa kwa kusimama karibu, kwa majina, kwa kazi inayoanza mara wanapoingia. Majina hasa. Mwambie yule kijana ajue majina yote kabla mwezi haujaisha.

Halafu maisha. Mshahara wa mwanzo unaweza kuchelewa mpaka cheki namba, ile namba yake ya mtumishi, itoke, na hela ya kujikimu nayo inakuja inavyotaka. Mpeleke mwenyewe kwa mwenye duka ukamtambulishe, mtafutie blanketi zito, na binti usimwache apange chumba kule mbali njia ya msituni, akae karibu na walimu wengine. Mtu mwenye njaa na hofu hawezi kupanga somo. Na ukisikia anaanza kuulizia uhamisho mwezi wa tatu usimkasirikie, kaa naye uulize ni nini hasa, mara nyingi utakuta ni upweke.

Mimi likizo ya Juni nakuja. Nitakaa na hao walezi wako wawili, wewe subiri nje usije ukakasirika, nataka waniambie kwa uhuru kama kipindi chao kwenye ratiba kinaheshimiwa au kimeshaliwa na vikao. Na majina yao nitumie kabla, nianze kuwapigia.

Dada yako, Mbeya