Jenerali Dallaire hakukimbia

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Arusha kijana mmoja alisema yule Mkanada, Jenerali Roméo Dallaire, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, "aliwakimbia Wanyarwanda". Nikatua kikombe. Mwaka 1998 nilikuwa naegesha teksi nje ya AICC, jengo la mikutano ilikokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo, na Dallaire alipokuja kutoa ushahidi katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, tulisikiliza habari zake redioni, milango ya gari wazi, abiria hakuna.

Januari 11, 1994 alituma onyo makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kwamba kuna silaha zimefichwa Kigali, akaambiwa asiziguse. Mauaji yakaanza Aprili, Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Yeye akabaki na wapatao 450, wengi wao Waghana (hao mbona hatuwataji?). Huko ndiko kukimbia?

Alirudi kwao na majeraha yasiyoonekana. Mwaka 2000 akastaafishwa jeshini kwa ugonjwa, na mwaka huo huo akaokotwa hoi chini ya benchi la bustani, pombe juu ya dawa. Baadaye akawa seneta.

Kijana mwenyewe 1994 alikuwa hajazaliwa. Kahawa yake nililipa mimi.

Dereva mstaafu,
Arusha